Kisa cha ziwa lililokauka: fukwe zilisema nusu, tope likasema iliyobaki

Mei 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipopanda hadi kuingia kwenye vibanda vya wachuuzi, mzee mmoja wa mwaloni ninakonunua dagaa alichovya brashi kwenye rangi ya mtumbwi akapiga mstari juu ya jiwe. Jiwe lile lina mstari mwingine, umepauka, ambao anasema ulipigwa na baba yake mwaka 1964. Ukitupa jicho utadhani ni mstari mmoja uliopigwa na mkono unaotetemeka. Vipimo vya Jinja kule Uganda, maji yanakotokea kwenda Mto Nile, vinaafikiana na rangi ya mtumbwi: kilele cha 2020 kiliipita rekodi ya 1964 kwa kama sentimita 1 hivi.

Siku nyingine nilimchokoza. "Shikamoo mzee. Mwaka 2006 ziwa liliposhuka, mstari uliupiga wapi?"

"Marahaba. Mstari upi tena, mwalimu? Maji yalikuwa yamekwenda zake. Ningeupiga juu ya tope?"

Wenzake waliangua kicheko, nami nikacheka nao. Lakini jibu lile nililibeba mpaka nyumbani, maana wasomi waliochunguza zamani za ziwa hili walikwama hapo hapo kwa miongo kadhaa. Walisoma mistari iliyoachwa juu ya mawe na kwenye miteremko, wakasahau kwamba maji yakiondoka hayapigi mstari. Mahali pa kuuliza habari za ukame ni kwenye tope, na tope lenyewe liko chini ya maji yaliyorudi.

Kisa ninachotaka kukichambua ni hiki: kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, hapa tunapoita ziwani hapakuwa na ziwa. Sisemi lilipungua, wala kwamba lilibaki kama bwawa kubwa katikati. Chini kabisa, kwenye kina ambacho leo nyavu za sangara hazifiki, paliota majani.

Sinia, si chungu

Kwanza tuelewane kuhusu umbo la ziwa lenyewe, kwa sababu bila hilo kisa hiki kitasikika kama hadithi ya kuwalaza watoto. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Hakuna ziwa kubwa kuliko hilo Afrika. Lakini kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80 tu, na wastani ni mita 40. Kutoka kaskazini hadi kusini ni zaidi ya kilomita 300. Ukilichora kwenye meza ya urefu wa mita 3 na ukataka kuweka maji kwa kipimo hicho hicho, maji yako hayatafika unene wa milimita 1. Ziwa Tanganyika ni jambo jingine kabisa: lina kina cha mita 1,470 hivi. Ondoa mita 80 Tanganyika, wavuvi wa Kigoma watalalamika na kusogeza gati. Ondoa mita 80 Victoria, umemaliza.

Sababu ni jinsi mabonde hayo yalivyozaliwa. Tanganyika ni ufa. Ardhi ilipasuka ikazama. Victoria ni sinia lililotokea kati ya mikono 2 ya Bonde la Ufa, pale ardhi ya upande wa magharibi ilipoinuka na kuzuia mito iliyokuwa ikielekea huko. Kagera na Katonga ni mabaki ya mito hiyo. Maji yakarudi nyuma, yakatandaa. Umri wa bonde hili unakadiriwa kuwa miaka 400,000, ambao kwa wanajiolojia ni juzi.

Jambo la pili ni mapato ya ziwa. Watu wengi hudhani Kagera, Mara, Simiyu na Nzoia ndizo zinazolilisha. Zinachangia, ndiyo, ila takriban asilimia 80 ya maji yote yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Na sehemu kubwa ya matumizi si ile inayotoka Jinja, ni mvuke unaopanda kila siku jua likiwaka. Mfanyabiashara yeyote wa Soko Kuu anaweza kukuambia hatari ya biashara ya namna hii: mauzo makubwa, matumizi makubwa, faida nyembamba. Mvua ikiyumba kidogo, daftari linageuka jekundu. Kati ya 1961 na 1964 mvua zilizidi, ziwa likapanda zaidi ya mita 2 ndani ya miaka isiyozidi 3. Sasa geuza hesabu. Tuseme kila mwaka ziwa linapoteza sentimita 20 kuliko linavyopata. Mita 80 zingemalizika kwa miaka 400. Ni hesabu ya kidole, lakini inaonyesha kwamba hatuhitaji muujiza wala tetemeko kulikausha ziwa hili. Tunahitaji ukame mkali unaokaa.

Walichosema wazee wa fukwe

Ukitembea ukingo wa ziwa, hasa upande wa Uganda, utakuta fukwe za kale zimekaa juu ya maji ya leo: kokoto zilizoviringishwa na mawimbi, mapango madogo yaliyochimbwa na maji, vilima vya mchanga. Ziko kama mita 3 juu, nyingine mita 12, nyingine 18. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda tangu ilipoanzishwa mwaka 1919, aliziona, akaona pia matuta ya kokoto kwenye bonde la Kagera. Akahitimisha kwamba zamani Afrika Mashariki ilipitia vipindi vya mvua kubwa mno, mvua za karne na karne.

Kutoka hapo nadharia ikavimba. Ulaya ilikuwa na Enzi za Barafu. Basi, watu wakasema, barafu ikitanda Ulaya, huku kwetu mvua ilimwagika. Kipindi cha kwanza kabisa cha mvua kikapewa jina la Kagera, na mwaka 1947 mkutano wa wataalamu wa mambo ya kale uliofanyika Nairobi ukaipitisha orodha ya vipindi hivyo kama kalenda ya bara zima. Zana za mawe zilizofukuliwa Kenya, Tanganyika na hata mbali zaidi zikawa zinapewa umri kwa kuulizwa zilikaa kwenye "mvua" ipi.

Nadharia ilipendeza. Ilikuwa na mizania: kwao baridi, kwetu mvua. Mimi nadhani uzuri wake ndio ulioiponza, kwa sababu hakuna aliyehangaika kuipima upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanajiolojia wakaanza kuibomoa tofali moja moja. Ufuko ulioinuka, walisema, unaweza kuinuka kwa sababu 3 tofauti. Kweli, mvua inaweza kuwa ilizidi. Lakini pia ardhi inaweza kuwa imeinama, na katika nchi ya Bonde la Ufa ardhi huinama. Au mlango wa maji ulikuwa juu zaidi. Pale Jinja maji yalipita juu ya mwamba, na mwamba ule ulikwanguliwa na mto kidogo kidogo. Kila mlango uliposhuka, ziwa nalo lilishuka, likiuacha ufuko wake mlimani kama mtu aliyesahau viatu mlangoni. Mvua haikuwa imebadilika hata chembe.

Na hata tukikubali kwamba fukwe zile ni ushahidi wa mvua, zinajua nusu tu ya habari. Ufuko wa ziwa lililopanda utauona. Ufuko wa ziwa lililoshuka mita 50 uko chini ya mita 50 za maji. Wayland hakuwa mjinga. Alisoma ukurasa uliokuwa wazi mbele yake.

Na yale mawe makubwa ya Mwanza je? Wageni wakishuka uwanja wa ndege huuliza kwanza hayo, na wengine hudhani kwamba jiwe la Bismarck lililosimama majini lingeweza kutueleza yaliyolipata ziwa. Haliwezi. Ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, shahidi mzee mno kwa kesi ya juzi. Kwa kesi za kale zaidi ukanda huu una mashahidi wazuri: miamba ya chuma yenye mistari kule Geita iliwekwa chini ya bahari ya kale wakati hewa ya dunia ilikuwa karibu haina oksijeni. Lakini hiyo ni kesi nyingine, tuiache.

Mche wa tope

Mwaka 1960 na 1961, Mmarekani Daniel Livingstone wa Chuo Kikuu cha Duke (si yule mmishenari, ingawa naye aliipenda Afrika) alikuwa akizungukia maziwa ya Afrika Mashariki akiwa na bomba la chuma. Kazi yenyewe kuieleza ni rahisi, kuifanya ni jasho: unashusha bomba mpaka chini ya ziwa, unalisukuma ndani ya tope, unalivuta juu likiwa limejaa. Ukilipasua kwa urefu unapata mche wa tope wenye tabaka, za juu ni za jana, za chini ni za zamani. Mwanafunzi wake, Kendall, aliichambua miche ya tope kutoka Ghuba ya Pilkington upande wa Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 1969.

Alihesabu chavua. Chavua ni unga wa maua, na kila mmea una unga wa umbo lake; ganda lake haliozi kirahisi ndani ya tope. Ukijua ni punje ngapi za nyasi na ngapi za miti ya msituni, umejua ukingoni paliota nini. Juu ya mche palikuwa na msitu. Chini, nyasi. Na kemia ya tope la chini ilionyesha ziwa lisilo na mlango, ambalo maji yake hayakuwa yakitoka kwenda Nile. Umri ulipatikana kwa kaboni-14, kipimo ambacho wakati wa kina Wayland hakikuwepo; Willard Libby alikipatia tuzo ya Nobel mwaka 1960. Kaboni hiyo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, kwa hiyo jani lililozikwa ni kama saa iliyoanza kuhesabu siku lilipokufa. Saa ikasema: nyasi zile na ziwa lile lililojifunga ni za mwisho wa Enzi ya Barafu.

Kalenda ya Nairobi ikawa imepinduka juu chini. Ulaya ilipokuwa barafu, huku palikuwa pakavu.

Lakini Ghuba ya Pilkington iko pembeni. Mtu angeweza kusema, sawa, maji yalikimbia pembeni, katikati je? Swali hilo lilisubiri hadi 1995, timu ya Thomas Johnson ilipoingia katikati ya ziwa na chombo cha kupiga sauti. Sauti hushuka, hugonga tabaka za tope, hurudi. Ukichora mwangwi wake unapata picha ya ndani ya sakafu ya ziwa. Kuna sehemu mashapo yanafika kama mita 60. Na ndani ya picha kulikuwa na mstari mkali uliotambaa bonde zima, kuanzia kingo hadi mahali penye kina kuliko pote, bila kukatika. Ulikuwa uso mgumu, uliokaa juani.

Wakachoma bomba mpaka kwenye mstari huo. Kwa mita kadhaa lilikuwa tope laini la ziwa. Kisha ghafla udongo mgumu, mzito, wenye nyufa za wima na vijizizi vya majani vilivyosimama vilivyokua.

Hapa naomba msomaji wa Usukumani asimame kidogo. Wanasayansi wana jina lao la udongo huo. Sisi tuna letu: mbuga. Ni ule udongo mweusi wa bondeni ambao masika hushika gari mpaka linang'ang'aniwa, na kiangazi hupasuka nyufa unazoweza kutumbukiza mkono. Watu wa Magu na Misungwi wanauchimbia majaruba ya mpunga. Udongo wa namna hiyo hautengenezwi chini ya maji yasiyoondoka. Unahitaji kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, msimu baada ya msimu, huku majani yakiota na kufa juu yake. Chini ya Ziwa Victoria kuna mbuga. Niliposoma hilo mara ya kwanza sikuhitaji tena ushahidi mwingine; nimekulia kwenye udongo huo, najua unavyotengenezwa.

Juu tu ya udongo ule, kabla tope la ziwa halijaanza, chavua ya magugu ya majini ya jamii ya matete imejaa tele. Yaani kwanza mbuga, halafu kinamasi, halafu ziwa. Mfuatano ambao ungeutarajia maji yakirejea polepole kwenye sinia.

Kuna namba moja inayozunguka kwenye vitini vya wanafunzi na ni vizuri kuirekebisha: "ziwa lilikauka miaka 12,400 iliyopita." Ilitoka kwenye taarifa ya 1996 ya Johnson na wenzake katika jarida la Science, na haikuwa kosa lao. Hiyo ni miaka ya kaboni-14, na miaka ya kaboni-14 si miaka ya kalenda, kwa sababu kiasi cha kaboni hiyo hewani hakikuwa sawa nyakati zote. Ukiisahihisha, 12,400 inakuwa zaidi ya 14,000. Na hiyo ni tarehe ya ziwa kurudi, si ya kukauka. Sampuli nyingine zilizochambuliwa baadaye zinadokeza kwamba ukavu ulikuja mara 2, na kati yake maji kidogo yalirudi.

Aliyefunga mvua

Baridi peke yake haikutosha. Ni kweli Enzi ya Barafu ilifika mpaka huku: mashapo ya Ziwa Tanganyika yanaonyesha joto lilikuwa chini kwa takriban nyuzi 4 za Selsiasi kuliko leo, na barafu ya Rwenzori ilishuka chini kwenye miteremko kuliko mabaki tunayoyaona sasa. Bahari zilikuwa zimeshuka kama mita 120 kwa sababu maji yake yalikuwa barafu nchi kavu. Unguja ilikuwa imeungana na bara, ungeweza kwenda kwa miguu. Lakini baridi hupunguza pia mvuke unaopanda kutoka ziwani, kwa hiyo ukitaka kulikausha ziwa kabisa lazima mvua yenyewe ishuke sana.

Mshukiwa mkuu yuko mbali ajabu. Katika kipindi kile kile, mabamba ya barafu ya Amerika Kaskazini yalibomoka, vilima vya barafu vikaelea na kuyeyuka katika Atlantiki ya Kaskazini. Maji baridi yasiyo na chumvi yakatanda juu ya bahari, na mkondo unaobeba joto kutoka tropiki kwenda kaskazini ukadhoofika. Ushahidi wake ni changarawe zilizobebwa na barafu na kudondoka katikati ya bahari, mahali ambapo hakuna mto wa kuzileta. Mkondo ulipodhoofika, mifumo ya mvua ya Afrika na Asia ikalegea kwa pamoja. Mwaka 2011 Curt Stager na wenzake waliweka tope la Victoria kando ya rekodi za Afrika na Asia na kuonyesha kwamba kiangazi hiki hakikuwa cha kwetu tu. Kilikuwa mojawapo ya ukame mkubwa kuliko yote ya miaka 50,000 iliyopita katika nchi zinazotegemea mvua za monsuni, yaani zinazoletwa na pepo za msimu.

Nakiri kwamba hapa ndipo wanafunzi wangu huniangalia kwa jicho la pembeni. Barafu ya Kanada ikaushe mpunga wa Magu? Lakini si ajabu sana ukikumbuka kwamba hata leo mvua zetu za vuli zinategemea Bahari ya Hindi ina joto upande gani. Mafuriko ya 1961 yalitokana na upande wetu wa bahari hiyo kupata joto kuliko upande wa Indonesia, na mwishoni mwa 2019 ilikuwa hivyo hivyo. Mkanda wa mvua ni mgeni anayekwenda anakoitwa.

Miaka 14,700 hivi iliyopita mkondo wa Atlantiki ukaamka. Pia mzunguko wa dunia, unaoyumba kwa mahesabu ya miaka 23,000 hivi, ulikuwa umeanza kuleta jua kali zaidi la kiangazi upande wa kaskazini ya ikweta, na monsuni ikapata nguvu. Ukafuata wakati wa neema ndefu: Sahara yenye viboko na mamba, Victoria iliyofurika Jinja, Nile Nyeupe ikapata tena maji yake ya mwaka mzima. Neema hiyo ilikwisha miaka 5,500 hivi iliyopita, na chavua za Kendall zinaiona ikiondoka: miti ya msitu mbichi inapungua, inayopukutisha majani inaongezeka.

Pingamizi la furu

Kesi haikupita bila pingamizi, na aliyeleta pingamizi ni samaki.

Wenye umri wangu wanamkumbuka furu: samaki mdogo, miiba mingi, tuliyemtoa majini kwa ndoano ya pini. Kabla sangara hajashamiri miaka ya 1980, furu ndiye aliyekuwa wingi wa ziwa hili. Watafiti waliokuja Mwanza kutoka Leiden, Uholanzi, tangu miaka ya 1970 walimhesabu na kukuta si samaki mmoja: aina kama 500, huyu anakwangua mwani kwenye jiwe, yule anavunja konokono, mwingine anakula magamba ya wenzake. Karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Sasa, wanajenetiki wakauliza, aina 500 zitokee ndani ya miaka 15,000? Haiwezekani. Saa ya vinasaba ilisema mababu wa furu walianza kutengana zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Kwa hiyo ziwa halikukauka lote. Kulikuwa na madimbwi makubwa yaliyowahifadhi.

Mvutano huu ulidumu miaka mingi, na mimi kwa muda nilikuwa upande wa samaki. Lakini tope halikutoa dimbwi. Kila walipopiga sauti, mstari ule mgumu ulipita mpaka chini kabisa.

Suluhu ilikuja mwaka 2017, na ni suluhu inayoziacha pande zote 2 na haki yake. Furu wa Victoria ni uzao wa mchanganyiko: koo 2 za samaki wa mitoni, zilizokuwa zimetengana muda mrefu, zilikutana na kuzaliana kitambo kabla ya ukame. Watoto wao walibeba tofauti nyingi za kale katika damu. Tofauti ni za kale, aina ni mpya. Ni kama karata: pakiti ni ya zamani, lakini mikono iligawiwa juzi. Wachache waliojihifadhi kwenye mito na vinamasi vya pembezoni waliingia ziwa jipya na pakiti nzima mkononi.

Mwaka 2023 tope likaongeza neno. Taarifa iliyochapishwa katika Nature, ambayo watafiti wa Tanzania walishiriki, ilitokana na maelfu ya meno ya samaki yaliyochambuliwa punje kwa punje kutoka miche iliyochukuliwa mwaka 2018. Meno ya furu hayakuwatangulia wengine. Kambare walikuwepo, jamii ya sato walikuwepo, wote waliingia ziwa likianza kujaa. Furu hawakufika mapema. Ila walipofika, wao ndio waliogawanyika na kuenea mpaka kwenye kina kirefu, wengine wakabaki pembeni.

Shahidi mwingine, kwa upande wa nchi kavu, yuko Kenya. Kwenye visiwa vya Rusinga na Mfangano kumefukuliwa mifupa ya wanyama wa mbuga kavu: choroa, punda milia wa Grevy ambaye leo yuko kaskazini mwa Kenya na Ethiopia tu, na mnyama wa jamii ya nyumbu aliyetoweka, Rusingoryx. Mifupa hiyo ni ya zamani kuliko ukame wetu, ina zaidi ya miaka 30,000. Lakini makundi ya wanyama wa nyika hayaishi kisiwani. Rusinga haikuwa kisiwa. Kumbe ziwa kushuka halikuwa tukio la mara moja, na picha za sauti zinaonyesha chini ya mstari ule kuna mistari mingine.

Mita 60

Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nimewahi kuulizwa na mzazi mmoja: mita 60 kutoka ukingo wa mwaka gani? Swali zuri kuliko alivyodhani. Waliolima bustani kwenye ardhi iliyofunuka 2006 walipimia ukingo wa 2006. Mwaka 2020 mchicha wao ulikuwa chini ya maji. Sehemu kubwa ya Ghuba ya Mwanza haifiki mita 25 kwenda chini, na pwani zake nyingi ni tambarare. Kupanda kwa kimo cha goti tu kunalisogeza ziwa mbali.

Hilo ndilo lililomvutia mzee wangu nilipomhadithia kisa hiki, tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Habari za Atlantiki alizisikiliza kwa adabu. Furu alimpa tabasamu. Mbuga chini ya ziwa hakuishangaa. Alisema nanga ya mtu fulani iliwahi kuleta udongo mweusi usio wa ziwa, jambo ninaloshuku sana, lakini si kazi yangu kumkatiza. Alichotaka kujua ni maji yalirudi kwa muda gani.

Nikamwambia tuchukue miaka 500, kwa mfano. Kutoka katikati ya ziwa hadi ukingoni ni kama kilomita 150. Gawanya.

Alihesabu kimya, midomo ikicheza. "Mita 300 kwa mwaka."

"Kwa wastani. Mwaka mwingine zaidi, mwingine hazisogei."

"Na watu walikuwepo?"

"Walikuwepo, wawindaji. Zana zao za mawe ziko kingo zote za ziwa hili."

Akaitazama mistari yake 2 juu ya jiwe, kisha akatazama ng'ambo, kule vivuko vinakotokea. "Basi kuna mwanamke," akasema, "alihamisha mafiga kila msimu maisha yake yote, na mama yake alihamisha mafiga, na hakuna aliyekumbuka ni kwa nini ukoo wao hauna kwao."